Futi Sita na Inchi Nane

Namalwa alikaa katika gereji ya watu miaka kumi na mmoja, na mtu akimwambia kwamba anakaa gereji alikuwa anakasirika. Alisema ile ni nyumba kama nyumba nyingine, ila mlango wake ni mpana. Mteja aliyecheka alirudishiwa sketi iliyopanda upande mmoja, kisha akaambiwa kwamba kilichopinda ni kiuno chake.

Alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa Bungoma, mfupi, mwenye mikono ya kubeba magunia na vidole vilivyotunga uzi sindanoni bila miwani mpaka alipovuka miaka hamsini. Mume alikuwa naye zamani, mwashi, jina lake Maxwell. Maxwell alikwenda Eldoret kujenga nyumba ya ghorofa tatu na mpaka leo hajaimaliza. Namalwa hakumfuata. Alimlea binti yao Millicent kwa cherehani ya miguu, akamsomesha, akamwoza huko Kakamega, akabaki na cherehani.

Siku hizo alishonea barazani katikati ya jiji, Mtaa wa Biashara, mbele ya duka la vitambaa. Hapo ndipo Bi Mwanasha alipomkuta. Bi Mwanasha alikuwa mtu wa Mombasa, lakini aliishi Nairobi tangu aolewe na Mzee Sadiq, karani wa baraza la jiji. Mzee alikuwa amefariki, na mjane wake alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Alikuja na fuko lenye kanzu sita za marehemu, akataka zipunguzwe ziwafae wajukuu. Namalwa alitandaza ya kwanza mezani, akapima, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Kuinua macho, akamwona yule mama wa watu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda nyuma ya lori.

Namalwa akaweka mkasi chini. Akazikunja kanzu zote, akazirudisha fukoni, akamwambia kwamba mkasi leo hauna makali, arudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata akamwambia vivyo hivyo. Mara ya tatu Bi Mwanasha hakuja na kanzu. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, wakanywa pale pale barazani, miguu ya wapita njia ikiwapita puani.

Baadaye mafundi wa baraza ile waliondolewa. Namalwa akawa hana pa kuiweka cherehani, na fundi asiye na pa kuweka cherehani ni mtu tu anayejua kushona. Bi Mwanasha akamwambia kwamba nyumbani kwake Woodley iko gereji. Mzee Sadiq hakuwahi kuwa na gari. Mle ndani mlikuwa na kitanda kilichovunjika na magazeti aliyokataa kuyatupa.

"Ikae tupu ya nini," alisema, "na wewe upo."

Nyumba zile ni za baraza la jiji, za zamani, na gereji zake zilijengewa vigari vya siku zile, vifupi, ambavyo mtu akisimama kando aliliona paa. Mlango ulikuwa futi sita na inchi nane kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ya zege. Namalwa aliujua urefu huo kama anavyojua kifua chake mwenyewe, kwa sababu pazia la mlango alilishona yeye. Sakafu aliikuta ina mashimo, imelowa oili ya gari la mtu aliyeishi pale kabla ya akina Sadiq. Akaisawazisha kwa simiti kwa mikono yake, akaipaka rangi nyekundu, akaisugua kwa nta mpaka ukiingia unavua viatu bila kuambiwa.

Basi wakaishi. Asubuhi Namalwa alimsugua Bi Mwanasha magoti kwa mafuta ya moto, maana magoti yale yalikuwa yamekwisha. Bi Mwanasha alipika, na chakula kilivuka ua kikiwa kimefunikwa kwa kawa. Namalwa ni wa Kanisa la Marafiki na hakufunga Ramadhani, lakini mwezi mzima hakula mchana mahali ambapo harufu ingemfikia mwenzake. Magharibi walikaa sinia moja. Watu wa mtaa waliuliza kama yule ni mpangaji au ni mtu wa kazi au ni nani hasa. Hakuna aliyewajibu, wakachoka kuuliza.

Walitofautiana jambo moja tu. Bi Mwanasha hakusema neno gumu moja kwa moja. Alilelewa kwamba neno zito hulitupi mbele ya mtu kama mfupa. Unalizungusha, unalifunika, na mwenye akili atalifunua mwenyewe. Chumvi ikikosekana alisema, "Mchuzi leo umenyamaza." Mgeni akikaa sana alianza kusifia uzuri wa barabara ya kwao. Namalwa kwao neno likiwepo linasemwa, likimuuma mtu atapona. Miaka yote hiyo walichekana kwa ajili hiyo, wala haikuwagharimu kitu.

Kisha Ridhaa akapewa gari.

Ridhaa ni mwana wa kiume wa Bi Mwanasha, mtu wa mjengo, mpole, mwenye haraka. Kampuni aliyofanyia kazi ilimpandisha cheo, akawa msimamizi, na cheo kikaja na pikapu ya kazi nzito. Si pikapu ya kubebea mboga. Lilikuwa gari refu kwenda juu, magurudumu yakimfika Namalwa karibu na kiuno, na nyuma ya kichwa limechomelewa keria ya vyuma ya kubebea ngazi na mabomba, iliyopita paa kwa kimo. Kampuni ilikuwa na masharti yake. Gari lilale ndani, nyuma ya mlango wenye kufuli. Lisikatwe, lisichomelewe, lisiguswe na fundi wa nje. Likilala barabarani hata siku moja, litapewa mwingine.

Nyumba aliyopanga Ridhaa haikuwa na pa kulilaza. Akafikiri. Mama yake alikuwa akizeeka peke yake, ndivyo alivyosema, peke yake. Angehamia Woodley na mkewe Nisreen na watoto watatu. Gari lingelala gereji. Kila kitu kilikuwa na maana yake na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Wiki nzima Bi Mwanasha alikuwa si yeye. Jumanne, siku isiyo na sikukuu wala mgeni, alileta pilau. Jumatano akalisifu pazia la Namalwa, pazia lililoning'inia pale miaka yote hiyo. Alhamisi, akiwa amenyoosha magoti yapakwe mafuta, akasema amesikia kwamba wapangaji wa Kangemi siku hizi wana maji kila siku.

"Wacha wayanywe," Namalwa akasema, akaendelea kusugua.

Jumamosi asubuhi gari likaja. Ridhaa alikuwa akipeleka mifuko thelathini ya simiti kwenye mjengo karibu na Dagoretti Corner, akaona apitie kwanza apime. Akalisimamisha uani, akatoka na tepu ya chuma.

"Mama Millie, sasa. Hebu nishikie hapa chini."

"Unapima nini?"

Ridhaa akasimama na tepu mkononi. "Si Mama amekuambia?"

Namalwa akageuka. Bi Mwanasha alikuwa kwenye dirisha la jikoni. Walitazamana kidogo tu, kisha mkono ukatoka, ukavuta pazia.

"Ameniambia," Namalwa akasema.

Akachuchumaa, akashika ncha ya tepu sakafuni, juu ya wekundu wake mwenyewe, na Ridhaa akanyoosha hadi kwenye boriti. Futi sita na inchi nane. Wakaenda kwenye gari. Ridhaa akapanda juu ya gurudumu, akapima kutoka ncha ya keria, na Namalwa akabana chini. Futi sita na inchi saba.

"Inaingia," Ridhaa akasema. "Na inchi moja ya kupumua inabaki."

Namalwa alikuwa bado amechuchumaa, macho yake yako sawa na tumbo la gari. Akaziona springi. Zimelala, zimenyooka kama rula chini ya uzito wa simiti, na sehemu yote ya nyuma imekaa kama mtu kwenye kigoda. Tangu ashike futi kamba, jambo la kwanza analomwambia mteja ni hilo hilo: simama wima, toa simu mfukoni, mpe mwenzako mtoto. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hapimwi. Ukimpima hivyo, siku atakapomshusha gauni litamkataa.

Neno lilimfika kabisa mdomoni. Shusha mzigo kwanza, halafu pima. Maneno matano, na hata mtoto wa shule ya msingi angeyaelewa.

Akatazama dirisha la jikoni. Pazia halikuwa limesogea. Akisema, wataona anatetea chumba chake kwa inchi. Na hata wasipoona hivyo, kwa nini aombe? Miaka kumi na mmoja ya magoti yale, na mwenye nyumba ameshindwa kuvuka ua hatua ishirini aje amwambie kwa kinywa chake. Amemtumia tepu. Kama gari ndilo analolitaka, na apate gari.

"Iko sawa, Mama Millie?" Ridhaa akauliza, akikunja tepu.

"Wewe ndiye umepima."

Hakungoja kuambiwa lini. Kufika Alhamisi alikuwa amepata chumba Kangemi, nyuma ya soko, chumba cha mabati ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Siku ya kuhama Bi Mwanasha alikuja, akakaa kwenye stuli ya wateja, akamtazama akifunga vitu. Walizungumza habari ya sufuria. Bi Mwanasha alitaka achukue ile kubwa, Namalwa akasema kule hakuna pa kuiweka. Walizungumza habari ya mvua. Bi Mwanasha akasema Kangemi si mbali. Namalwa akasema si mbali. Kila mmoja akamtegea mwenzake sikio, kisha dereva wa kigari cha kukodi akapiga honi. Pazia lilibaki likining'inia. Mlango wa kule ulikuwa mwembamba, lingekuwa kazi bure.

Kangemi haikumfanyia ubaya, lakini haikumjua. Wateja wake wa Woodley walikuwa watu wa kuleta suruali za ofisini na mabuibui ya harusi. Huku yaliletwa masweta ya shule yaliyotoboka viwiko, na mwenye sweta anasimama juu yako mpaka limalizike kwa sababu mtoto yuko nje na baridi. Mwangaza ulitoka mlangoni tu, kwa hiyo cherehani ilikaa mlangoni, kwa hiyo kila aliyepita aliivuka. Namalwa alivaa miwani. Alisema ni vumbi.

Bi Mwanasha alipiga simu Ijumaa mbili. Zote mbili waliulizana afya, wakajibiana kwamba hawajambo, wakaagana.

Aliyeleta habari ni Ngui, jirani wa Woodley, mtu mzima asiye na kazi nyingi tangu astaafu, ambaye alikuja hadi Kangemi na suruali ya kufupishwa. Woodley mafundi wapo tele. Suruali ilikuwa kisingizio, mzigo wake hasa ulikuwa mdomoni.

Alisimulia akiwa amekaa kwenye kitanda cha Namalwa bila kukaribishwa. Ridhaa alikuwa amehamia na familia Jumamosi. Jumatatu jioni akarudi kutoka kazini na gari tupu, akaliongoza gerejini pole pole, mkewe akimwelekeza. Kichwa kikaingia. Watu wakaanza kupongezana. Kisha keria ikaipata boriti, na mtaa mzima ulisikia.

"Mama Millie, ile gari ukiishusha mzigo inakua," Ngui alisema. "Inchi tatu. Tumepima mara nne. Ridhaa alikuwa anapima kama mtu anayetumaini itaona haya."

Walitoa upepo kwenye magurudumu, likashuka inchi moja, likakataa kushuka zaidi. Ngui mwenyewe alishauri lijazwe mawe kila jioni na kushushwa kila asubuhi, na hakuona ni kwa nini Nisreen aliingia ndani bila kumjibu. Jirani mmoja aliwaletea Kitavi, mwashi kutoka Dagoretti Corner. Kitavi aliigonga boriti kwa nyundo, akasikiliza, akasema boriti ile ndiyo imebeba ukuta wa chumba cha Mama, kilichoshikana na gereji kwa nyuma. Ukiikata, Mama analala uani.

"Kwa hivyo wakaamua, kama juu haiendi, wateremshe chini. Wachimbe sakafu inchi nne."

Namalwa aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani, likasimama.

"Sakafu yangu?"

"Ilikuwa nyekundu sana," Ngui akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akapunguza sauti. "Hata vipande vyake. Vimerundikwa pale langoni."

Siku ya pili ya kuchimba, sururu ya Kitavi ikatoboa bomba la udongo lililopita chini ya gereji. Bomba la zamani, la maji machafu ya nyumba nzima, ambalo hakuna aliyekumbuka kwamba liko. Kitavi alijaribu kuliziba kwa simiti, likapasuka mbele zaidi. Kufikia jioni gereji ilikuwa dimbwi. Gari likalala barabarani, asubuhi mtu wa kampuni akapita, akaliona. Wiki haikuisha lilikuwa limepewa msimamizi mwingine. Nisreen alichukua watoto akaenda nao kwa mama yake mpaka choo kipatikane. Baraza likatuma watu, wakatazama, wakaandika, wakasema bomba lote lazima lichimbuliwe hadi chini ya jikoni, na kwamba nyumba ihamwe kwanza.

Ngui alipomaliza alingoja. Habari kama ile humstahilisha mletaji angalau chai. Namalwa akampa suruali yake, imefupishwa sawasawa miguu yote miwili, akamshukuru. Alipoondoka, hakushona tena siku hiyo. Alitegemea atajisikia kwamba kisasi chake kimelipwa. Aliketi akingoja hisia hiyo, nayo haikuja. Lililomjia ni Bi Mwanasha anavuka ua na magoti yale, kwenda kuomba choo kwa majirani.

Jumamosi simu ikaita. Bi Mwanasha hakuuliza afya.

"Namalwa, njoo," akasema. Maneno mawili, hayakuzungushwa wala hayakufunikwa. Namalwa akaogopa.

Alikwenda Jumapili baada ya ibada, na gauni lake la kanisani. Harufu ilimpokea kabla ya lango. Vipande vyekundu vilikuwa pale kama Ngui alivyosema, vimelowa mvua, vingine bado vinang'aa kwa nta. Mlango wa gereji haukuwepo. Ndani palikuwa na shimo na ubao mmoja juu yake, na maji yasiyokwenda popote. Hakusimama sana.

Bi Mwanasha alikuwa jikoni, amezungukwa na masanduku yaliyofungwa kamba. Alikuwa amepungua. Ridhaa alikuwa ametoka kutafuta gari la kuhamishia vitu.

"Nabiha ananichukua Jumatano," akasema Bi Mwanasha. Nabiha ni bintiye wa Mombasa.

"Kwa siku ngapi?"

"Nimefunga hata vijiko."

Namalwa akaketi. Akaona kweli, rafu zote ziko tupu, na ukutani mahali pa kalenda pana mraba mweupe. Nyumba ya baraza ukishatoka umetoka. Watarekebisha bomba, kisha wataanza kuuliza ni nani huyu aliyekuwa akikaa hapa, karani alikwisha kufa zamani. Wote wawili walilijua hilo na hakukuwa na haja ya kulisema.

Bi Mwanasha alikuwa amekunja kitambaa cha meza. Akakikunjua, akakikunja upya.

"Siku ile ya tepu nilikuwa hapa dirishani," akasema. "Nilikuwa namngoja Namalwa ninayemjua mimi. Yule asiyeweza kunyamaza. Nikasema sasa hivi atakuja mlangoni anitukane, aseme haendi popote, nami nimwambie Ridhaa, mwanangu, umesikia kwa masikio yako, katafute pengine. Nilikungoja mpaka adhuhuri. Hata chakula sikuweka."

"Si ungeniambia wewe."

"Ningekwambiaje? Nikwambie toka? Ulimi ungeanzia wapi? Na mwanangu naye nimwambie usije?" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimebanwa, Namalwa. Nikakuachia wewe uniokoe. Ukasema 'ameniambia'. Nilisikia. Dirisha lilikuwa wazi."

Hapo Namalwa angeweza kuliacha. Lawama ilikuwa imeshakaa upande mmoja, na haukuwa upande wake. Yeye ndiye aliyetolewa. Angelia kidogo, wangeshikana mikono, na Mombasa angekwenda mtu anayemwomba msamaha. Lakini hakuwa amezoea kukaa na neno, na hili alikuwa amekaa nalo mwezi mzima likamnyima usingizi.

"Mama, mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Ile gari ilikuwa na simiti. Mifuko thelathini. Springi zimelala chini kabisa, nilikuwa nazitazama hivi. Nilijua ikishusha itapanda. Nilijua kabla hajakunja tepu."

Bi Mwanasha hakuelewa mara moja. Namalwa aliona maana inavyomfikia, polepole, ikipitia sakafu, bomba, kazi ya Ridhaa, wajukuu, masanduku, hadi hapo alipoketi.

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa hasira. Ulivuta pazia."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaukatiza ghafla, bila shaka harufu imemfikia. Bi Mwanasha akakiweka kitambaa juu ya sanduku, akakilaza kwa kiganja, kona hii na kona hii.

"Basi tumekomoana, mwanangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Kama angesema kwa ukali, Namalwa angejua la kujibu. Alikuwa na majibu ya ukali ya kutosha, aliyabeba tangu Bungoma. Akainuka, akalishika sanduku lililokuwa halijafungwa vizuri, akalikaza kamba. Akakaza na la pili. Bi Mwanasha alimpa chai, chai ya kununua, imetoka kibandani kwa sababu jiko lilikuwa limeshafungwa. Walikunywa. Wakataja majina ya watoto wa Nabiha, wakazungumza joto la Mombasa na jinsi lilivyo jema kwa magoti. Namalwa akasema atampigia. Bi Mwanasha akasema naye atampigia. Walikuwa wakizungumza vizuri, kwa adabu, kila mmoja akimwachia mwenzake amalize sentensi yake.

Kisha Namalwa akasema aende kabla ya mvua.

Bi Mwanasha akajiinua kwa kushika meza. Akachukua buibui lake msumarini, akavaa, akatafuta fimbo.

"Kaa, Mama. Unaenda wapi na hayo magoti?"

"Nakusindikiza."

"Hapana, kaa tu. Njia naijua."

Hakusikiliza. Akatoka mbele, hatua moja moja, akapita kando ya shimo akiwa ameinua pindo la buibui. Miaka kumi na mmoja Namalwa aliingia na kutoka kwenye lango lile, kwenda sokoni, kwenda kanisani, kwenda mjini kutafuta uzi, na hakuna hata siku moja mtu aliinuka kwa ajili yake. Mtu anayerudi hasindikizwi. Anapigiwa kelele kutoka jikoni alete na kiberiti. Wanaosindikizwa ni wageni, na Bi Mwanasha alikuwa mtu aliyefunzwa vizuri sana namna ya kumtendea mgeni. Hakumpunguzia chochote.

Langoni akasimama kupumzika, fimbo mbele, mikono miwili juu yake. Akampa Namalwa mkono, akaushikilia kwa kiasi kinachostahili.

"Asante kwa kuja," akasema. "Karibu tena."

Zilikuwa zimebaki siku tatu.

"Asante, Mama. Nimekaribia."

Namalwa akashika njia ya kuelekea Ngong Road. Hakugeuka, lakini alisikia komeo la lango likisukumwa polepole, kwa mkono usio na nguvu, mara ya kwanza likakwama, mara ya pili likaingia.